UZI: Mchoro wa udahili wa chuo kikuu ukitoka kwenye IELTS, hizo "then" kumi na moja za nini?

KalamuYaRisasi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna kijana alinitumia jibu lake la mazoezi ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nimwangalizie. Swali lilikuwa mchoro wa hatua za kuomba nafasi chuo kikuu. Maneno 190, tahajia safi, mwandiko wa kuonea wivu. Nilipomaliza kusoma nikarudi juu na kalamu, nikazungushia kila "then". Zilikuwa 11. Nikamuuliza, mdogo wangu, hizi zote za nini? Akanijibu bila wasiwasi: "Si ndio mchakato wenyewe, kaka? Hiki, halafu kile."

Uzi huu ni wa jibu hilo tu. Sitagusa grafu wala ramani.

Kwa wageni, haraka haraka. IELTS ya Academic, sehemu ya Kuandika, ina dakika 60 na maswali mawili. La kwanza unaeleza picha uliyopewa kwa maneno yasiyopungua 150, na unashauriwa usitumie zaidi ya dakika 20. La pili ni insha ya maneno 250, na uzito wake ni mara mbili ya la kwanza. Wa General Training hili haliwahusu, wao hapo wanaandika barua. Mchoro wa mchakato hautoki mara nyingi kama grafu, kwa hiyo watu wanauruka mazoezini, halafu siku ukitoka mtu anautazama dakika tano nzima akitafuta namba za kulinganisha.

Nimetunga mchoro wangu ili tuwe na kitu kimoja mbele yetu. Chora kwenye karatasi, inasaidia:

1: Mwombaji anachagua kozi.
2: Anajaza fomu mtandaoni na kuambatisha nyaraka.
3: Ofisi ya udahili inakagua. Nyaraka zikiwa pungufu, mshale unarudi namba 2.
4: Idara inapitia ombi (wiki 4 hadi 6).
5: Uamuzi. Hapa mishale inatoka mitatu: kukataliwa, ofa yenye masharti, ofa isiyo na masharti.
6: Mwenye ofa ya masharti anawasilisha matokeo yake ya mwisho.
7: Anakubali ofa na kulipa amana.
8: Usajili.

Sasa angalieni. Michakato mingi ya kwenye vitabu vya mazoezi ni ya vitu. Udongo unachimbwa, unasagwa, unachanganywa na maji, unachomwa, limekuwa tofali. Hakuna anayeuliza nani kachimba. Ndiyo maana kauli ya kutendwa inatawala mwanzo mpaka mwisho na inapendeza. Lakini udahili si tofali. Hapa wako watatu wanaopokezana: mwombaji, ofisi ya udahili, idara. Karatasi inatoka mkono huu inaingia mkono ule, kuna mahali inarudishwa, kuna mahali njia inagawanyika. Ukiandika "then, then, then" umeuchora mstari ulionyooka, na mchoro haujanyooka. Mtahini anaona kwamba hukuusoma.

Kijana aliandika hivi: "The applicant is filling the form then he is sending it then the office is checking."

Nikamwambia aiseme kwa Kiswahili. Akasema: "Mwombaji anajaza fomu, halafu anaituma, halafu ofisi inakagua." Mnaona ilikotokea? Kila "-na-" imegeuka "is" na "-ing". Kwetu "anajaza" inabeba yote mawili, anajaza sasa hivi na anajaza kila mwaka. Kiingereza kinayatenganisha, na mchakato unataka lile la kila mwaka.

Nikamwambia aseme tena, safari hii kama mzee wa ofisini anayeeleza utaratibu ambao ameuona miaka 20. Akafikiri kidogo, akasema: "Mwombaji hujaza fomu. Akishaituma, ofisi ya udahili huikagua."

Basi. Hiyo "hu-" ndiyo "completes" na "checks" yako. Na "akishaituma" ile "halafu" imeshaimeza, wala huhitaji kuitamka. Kwa Kiingereza: "Applicants complete the form and, once it has been submitted, the admissions office checks it."

Hoja yangu nzima ni hiyo. Viunganishi vya mchakato mnavyo tayari ndani ya vitenzi vyenu. Mkipita kwenye "-kisha-", "-po-", "-sipo-" na o-rejeshi, mnafika kwenye "once", "when", "if not" na "which" bila kukariri orodha ya maneno 30 ya kuunganishia.

Angalia namba 3. "Nyaraka zisipokamilika, fomu hurudishwa kwa mwombaji." Hiyo ni "If the documents are incomplete, the form is returned to the applicant." Au geuza: "Ombi haliendi idarani mpaka nyaraka zote zipatikane." Kwa Kiingereza ni "not" pamoja na "until": "The application does not go forward until all the documents have been provided." Sentensi moja, vitenzi viwili vya umbo tofauti, na mshale wa kurudi umeelezwa bila neno "arrow" kuonekana popote.

Namba 4: "Ombi lililokamilika hupelekwa idarani, ambako hupitiwa kwa wiki 4 hadi 6." Ile "lililokamilika" kwa Kiingereza inakuwa sifa tu: "The completed application is passed to the department, where it is reviewed over four to six weeks."

Naishia hapa nisiwachoshe. Ulizeni.

---

Bendi6MaraTatu

Mkuu umenigusa kwenye kidonda. Jina langu linajieleza. Bendi zangu, yaani alama za IELTS: usikilizaji 7.5, usomaji 7, Kuandika 6, mara tatu mfululizo. Mwalimu wa kituo nilichosoma (sitaji) alitupa karatasi ya sentensi za kuanzia na kumalizia, tukazikariri kama sala.

Swali langu dogo: mchoro wako una hatua ngapi? Mimi nahesabu 8. Nimempa mke wangu, kasema 7. Tumegombana.

---

KalamuYaRisasi

Pole mkuu, na mpe pole shemeji. Wote mko sawa.

Fuata kidole. Aliyepata ofa isiyo na masharti anaruka namba 6, kwa hiyo amepita hatua 7. Mwenye masharti amepita zote 8. Aliyekataliwa safari yake imeishia namba 5. Ukiandika "there are eight stages" ukanyamaza, hujakosea sana, lakini umepita juu ya jambo lenye utamu kuliko yote kwenye mchoro. Andika "up to eight stages". Maneno mawili hayo yanamwambia mtahini kwamba umeona njia zinatofautiana urefu.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali ambalo watu hawaliulizi. Maelekezo ya swali yanakuambia uchague na kueleza mambo makuu, kisha ulinganishe panapofaa. Kwenye mchakato utalinganisha nini, hakuna namba? Unalinganisha njia. Wa masharti na asiye na masharti wanaonekana sawa, isipokuwa mmoja ana mlango wa ziada. Andika hivyo.

Kuhusu hizo sala za kituoni: sentensi iliyokaririwa haiongezi kitu, na jibu linaloonekana kukaririwa linamgharimu mwenyewe. Hata maneno ya swali ukiyanakili jinsi yalivyo, huhesabiwi kama umeandika wewe.

---

mwanafasihi_mchovu

Naomba kutofautiana na mleta uzi, kwa heshima zote.

Miaka yote tunawaambia wanafunzi waache kufikiri kwa Kiswahili wanapoandika Kiingereza. Leo unakuja kuwarudisha. Mtu ana dakika 20, atunge kwa Kiswahili, atafsiri, ahakiki, ataweza? Tena kuna "-ka-" hukuigusa. "Akachagua kozi, akajaza fomu, akatuma, akasubiri." Huyo wa "-ka-" ndiye mama wa "and then" zote duniani, na ndiye anayetujia kwanza kichwani tukisimulia.

---

KalamuYaRisasi

Mwalimu, karibu sana, na la "-ka-" nakushukuru, nilipaswa kuanza nalo. Ni kweli kabisa. "-Ka-" ni ya hadithi. Mchoro wa udahili si hadithi ya mtu mmoja aliyekwenda akafanya akapata, ni utaratibu. Anayeandika "he chose a course and he filled a form" amesimulia kisa cha jirani. Kwa hiyo ndiyo, "-ka-" ifungiwe nje.

La kutafsiri ndani ya chumba cha mtihani, hapo pia nakubali nusu. Simwambii mtu aandike Kiswahili kwanza siku ya mtihani. Hii ni ya mazoezini, wiki tatu nne kabla. Unachukua mchoro, unausema kwa mdomo kwa "hu-" na "-kisha-" na "-sipo-", unasikia maungio yako wapi, ndipo unaandika Kiingereza. Ukifanya hivyo kwa michoro sita saba, siku ya siku maungio yanakuja yenyewe.

Lakini hili la "wacha kufikiri kwa Kiswahili" nalo tuliangalie vizuri. Mtu anayejua bendi 6 ya Kiingereza na kuambiwa afikiri kwa Kiingereza, anafikiri kwa bendi 6. Mawazo yake yanakuwa mafupi kama msamiati wake. Kijana wangu alipozungumza Kiswahili alisema "akishaituma" bila kujifunza popote. Uwezo wa kupanga mambo anao. Kilichokuwa kinamshinda ni kuvuka nao mto.

---

mwanafasihi_mchovu

Hapo kwa kuvuka mto nakupa. Ila uwatahadharishe na "hu-" pia. Haina nafsi. Mimi hujaza, wewe hujaza, ofisi hujaza, kitenzi hakibadiliki hata kidogo. Mwanafunzi akiizoea hiyo ataniletea "the office check", "the applicant submit". Ile "s" ndogo inapotea kabisa.

---

KalamuYaRisasi

Sahihi. Na dawa yake ni rahisi kuliko mnavyodhani: hamia kwenye wingi.

"Applicants choose a course." Hakuna "s" ya kukumbuka kwenye kitenzi. Hakuna "a" au "the" ya kuwaza mbele ya mwombaji, na sisi ambao lugha yetu haina vitu hivyo tunajua vinavyosumbua. Hakuna tena ugomvi wa "he" au "she", maana kwetu "yeye" ni mtu tu, na wengi wanaanza na "he" kisanduku cha 2 wakafika kisanduku cha 7 na "she". Kwa wingi ni "they" mpaka mwisho. Shida tatu kwa mpigo.

Utabaki na umoja mahali pachache tu, "the admissions office" na "the department", na hapo "s" yako uiwekee mlinzi. Hizo zinabeba "the" tangu mwanzo kwa sababu kwenye mchoro ofisi ni moja na idara ni moja. Fomu je? Ikitajwa mara ya kwanza ni "a form" au "an online form". Ikirudi ni "the form". Ni kama unapomleta mgeni: mara ya kwanza unamtambulisha, mara ya pili ameshakuwa mtu wa nyumbani.

---

DadaWaZamu

Kaka Kalamu, nimefurahi umeandika. Mimi nasahihisha mazoezi ya wadogo zangu na neno linaloniua ni "offer".

Kwetu "ofa" ni kushushiwa bei, au mtu kukununulia kitu. Mdogo wangu wa mwisho aliandika "the university gives a promotion with conditions". Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza: "offer" hapa ni chuo kukuambia tumekupa nafasi, unaitaka? "Conditional offer" ni nafasi ipo, lakini lete kwanza hiki na hiki. "Unconditional" ni nafasi ni yako, uamuzi umebaki kwako.

Halafu ukoo wa "apply". "Apply" ni kuomba, "application" ni ombi, "applicant" ni mwombaji. Ukizitawanya vizuri zinakupa aina mbalimbali bila kuhangaika na maneno makubwa. Lakini wao wanaandika "the applier" na "the appliance". "Appliance" ni jiko, wapendwa. Ni pasi.

Na "admission" na "enrolment" si kitu kimoja. Kwenye mchoro wa kaka, "admission" ni shughuli nzima, "enrolment" ni kisanduku cha 8 peke yake, kujisajili. Ukiandika "enrolment process" kumaanisha yote, umekula kisanduku cha mwisho kabla hujafika.

---

KalamuYaRisasi

Dada, hiyo ya "appliance" naiiba.

Niongeze moja: "fill". Tunasema jaza fomu, watu wanaandika "fill the form". Kiingereza kinataka "fill in" au "fill out", na ukitaka usalama andika "complete". Na "submit" inatosha kwa kutuma, usilete "send" kila mara.

---

MgeniJukwaani

Habari za humu. Mimi nimewahi kuomba vyuo vya Uingereza kupitia UCAS kwa hiyo mchakato naujua kwa vitendo. Unachagua mpaka kozi 5 kwenye fomu moja, kuna maelezo binafsi ambayo kwa wanaoanza 2026 yamekuwa maswali matatu badala ya insha moja, kuna mwalimu wa kukuandikia barua, na ukipata ofa unaweka moja ya kwanza na moja ya akiba. Nikiyaweka haya kwenye jibu si nitaonekana najua zaidi?

---

KalamuYaRisasi

Karibu mgeni. Unayosema ni kweli yote, na hakuna hata moja linaloruhusiwa kuingia.

Huu ndio mtego wa mada hii hasa. Anayeeleza jinsi saruji inavyotengenezwa hajui chochote kuhusu saruji, kwa hiyo anaandika alichokiona. Lakini sisi wote tunaofanya mtihani huu tunaomba vyuo. Tuna maumivu yetu. Mchoro ukitoka, mkono unataka kuandika habari za viza, ada, usaili, barua pepe isiyojibiwa miezi miwili. Na mwishoni mtu anaweka "in my opinion this process is too long". Hakuna aliyekuuliza, mkuu. Swali la Kwanza halina maoni. Kama mchoro haukuonyesha kozi 5, hakuna kozi 5. Kama kisanduku kimesema "amana", usiandike ada ya mwaka mzima.

Tena aliye hatarini zaidi ni wewe mzoefu. Utaanza pia kushauri: "you should attach your documents carefully". Hapo umetoka kwenye kueleza, umeingia kwenye kuongoza. Neno "you" lisionekane kabisa kwenye jibu hili.

Ukipunguza ya nje, utaona nafasi ya ya ndani inabaki. Mshale wa kurudi, wiki 4 hadi 6, njia tatu. Hayo ndiyo watu wanayasahau kwa sababu ya kuandika ya UCAS.

---

Bendi6MaraTatu

Mkuu swali lingine. Kituoni tuliambiwa ukitaka bendi 7 weka kauli ya kutendwa kila sentensi. Wewe unaweka "applicants complete", hiyo ni ya kutenda. Nimfuate nani?

---

KalamuYaRisasi

Fuata karatasi.

Nina maana hiyo hasa. Shika ile fomu mkononi uitembeze kwenye mchoro. Ikiwa mikononi mwa mwombaji, mwombaji ndiye habari, anachagua, anajaza, anaambatisha: kauli ya kutenda. Ikishatoka mikononi mwake, yeye amekaa nyumbani anasubiri, habari sasa ni fomu: inakaguliwa, inarudishwa, inapelekwa idarani, inapitiwa. Kauli ya kutendwa inakuja yenyewe, hujailazimisha. Uamuzi ukitoka, kalamu inarudi kwa mwombaji: anawasilisha matokeo, anakubali, analipa, anasajiliwa.

Kwa hiyo zote mbili zinaingia, kila moja kwa sababu yake. Kigezo cha sarufi kinaangalia upana na usahihi, na upana haupatikani kwa kurudia umbo moja mara 12.

Na "by" usiitawanye ovyo. "The form is submitted by the applicant", nani mwingine angeituma? Itoe. "The documents are checked by the admissions office", hapo iache, kwa sababu mikono imebadilika na msomaji anahitaji kujua.

Kuna faida nyingine ya kufuata karatasi: inakuonyesha pa kukata aya. Utangulizi na muhtasari juu. Aya ya kwanza ya mwili ni kisanduku cha 1 mpaka cha 3, pamoja na mshale wa kurudi. Aya ya pili ni kuanzia idarani mpaka usajili. Nimewahi kuona mtu amekata katikati ya kisanduku cha 5, ofa moja juu na nyingine chini. Ilisomeka kama mtu aliyekatwa ulimi.

---

MgeniJukwaani

Asante kaka, nimeelewa. Sasa tumalizie, tupe jibu zima la mfano tulione.

---

DadaWaZamu

+1. Hata mimi nalisubiri.

---

KalamuYaRisasi

Jibu zima sitoi, msinichukie. Nikiliweka hapa, kesho litakuwa kwenye vikundi vyote, na kesho kutwa kuna mtu atalimwaga kwenye karatasi ya mchoro wa kiwanda cha chokoleti. Nimeshayaona.

Lakini muhtasari nitautoa, kwa sababu ndio unaowaangusha wengi. Kwenye vigezo vya alama vilivyo wazi kwa umma, bendi 7 ya swali hili inataka muhtasari wa jumla ulio bayana. Mtu anaweza kueleza kila kisanduku kwa usahihi, asipotoa picha ya jumla akakwama chini. Kijana wangu hakuwa nao kabisa. Alitoka kwenye "the diagram shows" akaingia moja kwa moja "first the applicant is choosing".

Mimi ningeandika hivi:

"Overall, the process consists of up to eight stages, beginning with the choice of a course and ending with enrolment. Incomplete applications are sent back to an earlier stage, while the decision leads to three possible outcomes, only two of which allow applicants to continue."

Sentensi mbili. Ya kwanza: mwanzo, mwisho, urefu. Ya pili: umbo, yaani panaporudi na panapogawanyika. Hakuna wiki 4, hakuna amana, hakuna nyaraka gani. Hayo ni ya aya za chini. Kipimo changu ni hiki: mtu asiyeona mchoro akisoma muhtasari wako, je, anaweza kuchora mifupa yake? Sio visanduku vyote. Mifupa.

Maneno yake ni 40 na ushei. Kama 150 inakutisha, zaidi ya robo umeshaipata. Kwa wanaofanya kwenye kompyuta, idadi ya maneno inaonekana kwenye skrini. Wa karatasi, jueni mstari wenu unachukua maneno mangapi, mhesabu mistari badala ya maneno. Na msitumie vidoto vya orodha kwa sababu tu mchoro una visanduku. Andikeni aya.

---

pte_au_basi

Naingilia kidogo. Hii inafanya kazi kwenye PTE, ule mtihani mwingine wa Kiingereza? Sisi hatuandiki picha, tunaizungumza.

---

KalamuYaRisasi

Inafanya kazi, ila kwa kubana. Pale una sekunde 25 za kujiandaa na sekunde 40 za kusema, na michoro ya mchakato huwa inatokea. Huna muda wa visanduku vyote vinane. Sema mwanzo, sema panapogawanyika, sema mwisho. Yaani ule muhtasari wangu wa juu, usome kwa sauti ukijipima saa, halafu ongeza sentensi moja ya idara na zile wiki. Sekunde 40 zimekwisha. Ukianza na "first, then, then", muda unakuishia kisanduku cha 4.

---

mwanafasihi_mchovu

Nimejaribu na darasa langu asubuhi hii. Niliwapa mchoro wa mleta uzi, nikawataka waueleze kwa Kiswahili kwanza, kwa mdomo, marufuku "halafu" na "kisha". Dakika mbili za kimya. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akasema: "Ombi likishapitiwa idarani, mwombaji hukataliwa au hupewa ofa, ambayo isipokuwa na masharti humpeleka moja kwa moja kwenye kulipa amana."

Nikamwambia sasa vuka nayo. Ametoa: "Once the application has been reviewed, applicants are either rejected or given an offer which, if unconditional, takes them straight to the payment of a deposit."

Sijui niseme nini. Wiki iliyopita huyo huyo aliniandikia "the student is wait".

---

KalamuYaRisasi

Mwalimu, mwambie anaye shabiki huku. "Which, if unconditional" mimi mwenyewe nisingeifikia.

---

Bendi6MaraTatu

Wakuu, nimeshinda na hii aya ya kwanza ya mwili tangu jioni. Nimetumia dakika 9. Nichambueni bila huruma:

"In the first stage, applicants choose a course, after which they complete an online form and attach the required documents. Once the application has been submitted, it is checked by the admissions office. If any informations are missing, the form is returned to the applicants, who must supply them before it can be passed to the department. The complete application is then ready for review."

---

KalamuYaRisasi

Mkuu. "Then" moja tu, na imekaa mahali pake, iache.

"Information" haina wingi, kwa hiyo toa "s" na "are" igeuke "is". Na "them" hapo mbele, ukishatoa "s", nayo itabidi iwe "it", lakini fomu nayo ni "it" na zitagongana. Weka "documents" badala ya "informations" na kila kitu kingine kinabaki kilivyo.

Sasa niletee ya pili. Na usipite dakika 7 safari hii.

---

Bendi6MaraTatu

Nakuja. Mke wangu ndiye anashika saa.